Mguu Mmoja Hewani: Mama Subiri Anaaga Chumba cha Simu

Miaka thelathini na miwili ya utumishi inafika ukingoni Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, pale zamu ya asubuhi itakapokwisha na Mama Subiri kuvua hedifoni zake kwa mara ya mwisho. Wengi wenu mnaosoma kijarida hiki mnaijua sauti yake kuliko mnavyoijua sura yake. Ndiye anayemwita daktari wa zamu kupitia vipaza sauti vya korido, ndiye anayepokea simu za ndugu wanaouliza mgonjwa wao ameamkaje, na ndiye aliyejipatia jina kwa kumwambia kila mpigaji, awe mkurugenzi au mtu aliyekosea namba, "Subiri kidogo, nakuunganisha." Jina lake la kwenye kitambulisho lipo, ila hata mhasibu inabidi alitafute.

Mwandishi wa wasifu huu ni opereta wa zamu ya mchana. Kwa miaka mingi amekuwa akikipokea kiti kutoka kwake kikiwa bado na joto, na amepewa kazi hii kwa ajili ya udaku wake, si kwa ajili ya kalamu yake. Kuna jambo moja amelichunguza muda mrefu na hajalipatia jibu lililonyooka. Imekuwaje mtu aliyekuwa akiingia mitini kila akisikia kuna mkutano, akawa huyu tunayemuaga leo? Na je, ni kweli kwamba chanzo chake ni kusimama kwa mguu mmoja?

Swali lenyewe linahitaji kuulizwa sasa, kwa sababu sherehe zetu za kuagana zina desturi isiyovunjwa: mstaafu husimama kantini mbele ya wafanyakazi wote na kusema neno, na hakuna anayeruhusiwa kumsemea. Kwa miaka mingi Mama Subiri hakukanyaga kwenye sherehe hizo. Kila alipostaafu mtu, yeye alijitolea kubaki kwenye simu ili wenzake waende kula keki, nasi tukamsifu kwa moyo wake wa kujitoa. Tulikuwa tunamsifu bure. Alikuwa anajificha, na amekubali iandikwe hivyo.

Ieleweke kwamba hakuwahi kuwa mwoga wa kusema. Ukimweka nyuma ya waya, alikuwa hana mpinzani. Aliwahi kumtuliza baba mmoja aliyekuwa akipiga simu kutoka barabarani huku mkewe amejifungulia kwenye kiti cha nyuma cha gari. Alimwelekeza hatua kwa hatua mpaka gari la wagonjwa likawafikia, kisha akamkumbusha amwite mama mkwe. Wenye hasira waliopiga simu kututukana walimaliza mazungumzo kwa kumwombea heri. Maneno alikuwa nayo. "Tatizo ni macho," alikuwa akisema. "Mtu akishaniangalia, ulimi unakuwa si wangu."

Chumba cha simu, kwa wasiokijua, kipo chini ya ngazi kuu. Hakikuwa na dirisha, na mlango wake ulikuwa wa mbao nzito. Waajiriwa wengine wakipangiwa humo huomba kuhamishwa kabla mwezi haujaisha. Yeye aliuliza kama angeweza kubaki. Ukimtania kuhusu uoga wake alikuwa na methali yake tayari: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Akishaisema hiyo, mjadala umefungwa, anarudi kwenye simu zake.

Lakini kicheko hakikwenda kwake kila siku. Nafasi ya mkuu wa kitengo cha mawasiliano ilipotangazwa mara ya kwanza, kila mtu alijua ni yake. Siku ya usaili alivaa vizuri, akapanda ngazi, akafika mlangoni kwa jopo, akashika kitasa. Kisha akamwambia karani aliyekuwa hapo kwamba anasikia simu inaita chini, akashuka. Karani yule anaapa kwamba kutoka pale huwezi kusikia simu ya chini hata ikiita kwa kengele ya shule.

Pigo zito zaidi lilitokea nyumbani. Miaka kumi na moja iliyopita binti yake wa pekee aliolewa. Mshereheshaji alipotangaza kwamba sasa mama mzazi angesema neno kwa mwanawe, kiti cha mama kilikuwa kitupu. Alikutwa jikoni akifuta sahani zilizokuwa kavu tayari. Mama mdogo wa bibi harusi akasimama badala yake, akasema vizuri, akachekesha, vigelegele vikapigwa. Bibi harusi naye alicheka. Baadaye alipokwenda jikoni kumuaga mama yake alimwambia tu, "Hamna shida, mama." Mama Subiri anasema hajawahi kusikia sentensi nzito kama ile, na yeye simu za kila aina ameshapokea.

Ingekuwa vizuri kuandika kwamba kesho yake aliamka akaanza kutafuta ujasiri. Hapana. Aliamka na maumivu ya mgongo, kwa sababu kiti cha chumba cha simu kilikuwa kimevunjika egemeo na ombi la kiti kipya lilikuwa bado linazunguka maofisini. Akaenda idara ya viungo. Mtaalamu wa viungo ni mama mmoja mpole wa maneno, ila si mpole wa mikono. Alimkandakanda mpaka akaomba msamaha wa makosa asiyoyajua, kisha akamwambia kwamba dawa yake haimo kwenye chupa. Alihitaji kuinuka kwenye kiti, kunyoosha uti wa mgongo na kujifunza kupumua. Akamfundisha mikao michache ya yoga na kumtaka aifanye kila siku.

Nyumbani hapakufaa. Mumewe ni fundi viatu, na sebule yao ni nusu sebule, nusu karakana. Ukilala chali unaamka na misumari mgongoni. Kwa hiyo mikao ikafanyiwa kazini, asubuhi, kabla simu hazijapamba moto. Tatizo lilikuwa waya. Hedifoni za siku hizo zilifungwa kwenye ubao wa simu kwa waya uliofika mlangoni na si zaidi, na opereta wa zamu haruhusiwi kuzivua. Mikao ikachaguliwa na waya. Mkao wa mlima uliwezekana, maana ni kusimama wima tu. Mkao wa shujaa uliwezekana kwa kuelekea upande wa ubao. Ule wa kuinama hadi sakafuni ukafutwa baada ya kumnyonga kidogo. Uliobaki kuwa wake wa kila siku ni mkao wa mti: unasimama kwa mguu mmoja, unyayo wa mwingine unauegemeza pajani kwa ndani, viganja vinakutana kifuani au juu ya kichwa, na unapumua taratibu.

Yote hayo alikuwa akiyafanya huku anapokea simu. Wapigaji wakaanza kuuliza mbona leo anaongea kama mtu anayepanda ngazi. Daktari mmoja wa kifua, mtu mwema, alimwita pembeni akamshauri apigwe picha. Na siku za mwanzo alikuwa akianguka sana. Siku moja aliangukia ubao wenyewe na kuchomoa simu ya daktari bingwa aliyekuwa akizungumza na mama mkwe wake. Daktari alishuka ngazi zote mwenyewe, sisi tukajua kumekucha, kumbe alikuja kushukuru.

Kuanguka huku ndiko kulikoanza kumvutia mwandishi wa wasifu huu. Yule yule ambaye akijikwaa koridoni alikuwa akikaa na aibu wiki nzima, sasa anaanguka, anajipangusa, ananyanyua mguu uleule. Nilipomuuliza haoni aibu, alifikiri kidogo. "Nimeanguka sana," akasema, "na hakuna aliyekufa."

Kuhusu kufa, lazima lisimuliwe la stoo. Yoga humalizika kwa mkao ambao jina lake halisi ni mkao wa maiti: unalala chali, viganja wazi, macho umefumba, hutikisiki. Kwa kuwa waya haukuruhusu, Mama Subiri alikuwa akiufanya baada ya zamu katika stoo ya karatasi iliyo jirani, juu ya blanketi lililokunjwa. Mama wa usafi alifungua mlango achukue ndoo. Kelele alizopiga zilifika mapokezi. Walikuja wabebaji na machela, na mmoja wao alikuwa tayari amevua kofia, ndipo marehemu alipofumbua macho na kuuliza kwa sauti yake ile ya kazini, "Nani anatafutwa?" Mama wa usafi alipoelezwa jina la mkao huo alisema wazi kwamba kuna majina ambayo hospitalini vitu havipewi. Tangu siku hiyo, kwetu sisi unaitwa mkao wa kupumzika.

Hofu ilipomtoka, mama wa usafi alibaki na udadisi. Akarudi kesho yake kuuliza mtu anapata nini kwa kulala hivyo, akafundishwa, akawa mwanafunzi wa kwanza. Kila asubuhi, akishamaliza kupiga deki chini ya ngazi, aliegemeza ufagio ukutani na kunyanyua mguu. Ndipo Mama Subiri, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akawa anasema huku mtu anamwangalia. Macho mawili tu, na ya mtu anayejitahidi asianguke, lakini yalikuwa macho. Alimpa kanuni ileile aliyopewa na mtaalamu wa viungo: mguu ukianza kutetemeka, usikae chini, pumua.

Sasa tufike kwenye siku ambayo wote mliokuwapo mnaikumbuka, na wageni mmesimuliwa kwa chumvi. Hii hapa bila chumvi, kwa kadiri mwandishi anavyoweza kujizuia. Swichi ya vipaza sauti kwenye ubao wa zamani ilikuwa ya aina isiyorudi yenyewe. Ukimwita daktari unaibonyeza, ukimaliza unaiinua kwa kidole, na kila opereta hufundishwa hivyo siku ya kwanza. Asubuhi ile Mama Subiri alimwita mkunga wa zamu wodi ya wazazi, mkunga akaitika, simu zikatulia, na mama wa usafi alikuwa keshavua viatu. Kidole hakikurudi kwenye swichi.

Hivyo hospitali nzima ikasikia, kwa sauti inayoaminika kuliko zote humu ndani, maagizo haya: simama wima, vuta pumzi mpaka tumboni, itoe polepole. Watu wakafikiri ni agizo rasmi. Kwenye dirisha la dawa foleni nzima ilivuta pumzi kwa pamoja. Kisha ikaja: "Sasa nyanyua mguu wa kulia. Usiangalie chini, chagua kitu kimoja ukutani ukiangalie hichohicho. Ukitetemeka, tetemeka. Hakuna anayekufa." Wauguzi wanasema wodi ya wanaume haijawahi kuwa na utulivu kama ule. Waliokuwa na plasta miguu yote miwili walinung'unika kwamba wamebaguliwa. Koridoni, katibu wa hospitali alikuwa akiwatembeza wageni kutoka makao makuu, na kiongozi wa msafara, mzee mnene mwenye tai, alikuwa ameshika bega la katibu, mguu mmoja hewani, akiangalia kizima moto.

Hapo ndipo Mama Subiri alipoiona taa nyekundu ya swichi. Akaiinua upesi. Baada ya muda simu ya kwanza iliyoingia ilitoka kwa muuguzi wa wodi ya wanaume, aliyetumwa na wagonjwa wake kuuliza mguu wa kushoto utafanywa lini.

Sisi tulicheka hadi mbavu zikauma, lakini katibu hakucheka. Kesi ikafunguliwa mbele ya kamati ya nidhamu. Na hapo kicheko kilikata, kwa sababu mama wa usafi hakuwa na ajira ya kudumu. Mkataba wake ungevunjwa kwa neno moja. Katibu, ambaye kwa kweli hakuwa na nia mbaya na Mama Subiri, alimpa njia ya kutokea. Aandike maelezo ya mistari miwili kwamba ufagio wa mama wa usafi uligusa swichi wakati wa kufagia, shauri liishie hapo. Asingehitaji kufika kwenye kamati. Asingehitaji hata kutoka chumbani kwake.

Fikirieni jambo hilo aliambiwa nani. Aliambiwa mtu aliyekimbia kitasa cha mlango, aliyeiacha harusi ya mwanawe akafute sahani. Mama wa usafi mwenyewe alimrahisishia. "Andika tu hivyo, dada," alimwambia. "Mimi kazi za ufagio zipo kila mahali." Mwandishi wa wasifu huu alikuwa ameingia kupokea zamu na aliyaona yaliyofuata. Mama Subiri alisema, "Subiri kidogo." Akavua viatu, akageukia ukuta, akasimama kwa mguu wa kushoto. Mguu ulitetemeka kama siku ya kwanza. Alikaa hivyo muda mrefu, kisha akabadilisha mguu, kisha akavaa viatu na kusema ataenda.

Kwenye kamati nilikuwapo, kwa kuwa niliitwa kueleza jinsi swichi inavyofanya kazi. Ilikuwa meza ndefu, wajumbe wote upande mmoja, macho yote mbele. Mwenyekiti alimwonyesha kiti. Akasema ahsante, atasimama. Alikuwa anatetemeka kiasi kwamba visigino vyake vilikuwa vinasikika kwenye vigae, tik tik tik, na mjumbe mmoja mwenye huruma aliinuka akamsogezea kiti hadi nyuma ya magoti yake. Akashukuru tena, akasogea mbele kidogo, akabaki amesimama. Hakusema kitu. Wajumbe walianza kutazamana. Mimi nilidhani yamekuwa yaleyale, ulimi umeondoka, nikatamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Kisha nikaona kifua chake. Alikuwa anapumua tu, polepole, na alikuwa ameyatuliza macho kwenye kitu kimoja, kalenda iliyo ukutani juu ya kichwa cha mwenyekiti. Alipomaliza kupumua aliyashusha macho yale, akamwangalia mwenyekiti usoni.

Alisema maneno machache. Swichi aliiacha yeye, kwa kidole chake mwenyewe. Ufagio ulikuwa umeegemezwa ukutani, na mwenye ufagio alikuwa amesimama kwa mguu mmoja upande wa pili wa chumba, hivyo asingeigusa swichi hata angetaka. Kama kuna adhabu, ni ya mtu mmoja. Tukadhani amekwisha. Akavuta pumzi nyingine na kuongeza kwamba, kwa idhini ya kamati, wodi ya wanaume bado inadai mguu wa kushoto. Mwenyekiti alishikwa na kikohozi kilichomlazimu kufunika uso kwa leso.

Alipewa barua ya onyo. Mama wa usafi alibaki kazini, na yupo hadi leo. Keki ya Ijumaa ndiye atakayeikata. Tulipotoka, Mama Subiri alikaa kwenye ngazi kwa sababu sasa miguu ilikuwa imegoma kweli. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka. Akaniuliza kama wote walikuwa wanamwangalia. Nikamwambia wote, bila kubakiza. "Kumbe," akasema.

Mengine mnayajua. Wiki iliyofuata, kwa ruhusa ya maandishi, mguu wa kushoto ulifanywa, na hospitali nzima ilikuwa tayari imesimama ikisubiri. Ndivyo ilivyozaliwa Pumzi ya Asubuhi, inayosikika kwenye vipaza sauti kabla dirisha la dawa halijafunguliwa, na wahudumu wa dirishani wanakiri kwamba ugomvi wa foleni umepungua. Stoo ya karatasi ikaondolewa karatasi, ikawekwa mikeka, na kila jioni ya Jumatano utawakuta humo wauguzi, dereva wa gari la wagonjwa na daktari bingwa yule wa mama mkwe. Katibu wetu hajawahi kuingia. Kwake ile ni sarakasi. Lakini kuna siku alionekana ofisini kwake peke yake akiiangalia picha ya ukutani kwa umakini mkubwa, na miguu yake ilifichwa na meza, kwa hiyo hatutasema zaidi.

Nafasi ya mkuu wa kitengo ilipotangazwa tena, Mama Subiri alipanda ngazi zilezile, akashika kitasa kilekile, akakizungusha. Ameongoza kitengo kwa miaka minne hii ya mwisho. Ubao mpya wa simu ni juhudi zake, pamoja na hedifoni zisizo na waya na swichi inayorudi yenyewe ukiiachia. Jambo la kwanza aliloliomba, kabla ya yote hayo, lilitushangaza. Aliomba mlango wa mbao uondolewe, uwekwe wa kioo. Mafundi walimuuliza kama angependa kioo cha kuficha, kile cha ukungu. Alikataa. Alitaka kile ambacho mpita njia anaona ndani. Wiki ya kwanza kila aliyepita alisimama kuchungulia aone ile sauti ina uso gani, naye aliendelea kupokea simu huku akipunga mkono. Alisema anafanya mazoezi.

Basi, ni nini hasa? Mwandishi amewauliza watu. Mtaalamu wa viungo anasema mwili ukishazoea kubaki mahali pagumu bila kukimbia, moyo nao hujifunza kwa mwili, na kwamba pumzi ndefu humwambia mtu mwoga kuwa hakuna moto unaowaka. Mumewe ana ushahidi wa kiufundi. Kwa miaka yote ya ndoa alikuwa akibadilisha visigino vya viatu vya mkewe, na siku zote vililika upande wa nje, kama vya mtu aliye tayari kugeuka aondoke. Siku hizi vinalika sawasawa. "Huyo ameacha kuondoka," fundi anasema, na ukimwambia labda ni umri tu, anakuonyesha kiatu.

Mimi nilijaribu mwenyewe, ili nisiandike kwa kusikia. Nilianguka, na niliangukia ufagio. Nilichokigundua ni kidogo. Unaposimama kwa mguu mmoja huwezi kujidai, maana kila mtu anaona unavyoyumba. Na ukishaonekana unayumba, na bado umesimama, kile ulichokuwa unakificha hakipo tena. Labda ndicho kinachotokea. Nilimpelekea Mama Subiri nadharia hii ili aithibitishe kabla haijachapishwa. Aliniambia kwamba uoga wenyewe haujaondoka. Unakuja kila mara, saa zake zilezile, ila siku hizi anauambia usubiri kidogo.

Kwa niaba ya madaktari waliopatikana kwa wakati, wagonjwa waliopata habari za nyumbani, ndugu waliopigiwa simu nzito kwa sauti nyepesi, na foleni zote zilizovuta pumzi, tunamshukuru. Tunamtakia mumewe sebule iliyofagiliwa misumari, ili sasa mkao wa kupumzika ufanyikie nyumbani. Tunamtakia mgongo usiouma, wajukuu wa kuwafundisha kuanguka, na siku ndefu zisizokatizwa na simu ya mtu yeyote. Nenda salama, Mama Subiri. Laini yako tutaiacha wazi.

Limebaki la Ijumaa. Kipaza sauti amekikataa, kwa maelezo kwamba ameshakitumia vya kutosha. Ameniambia ana maneno mawili ya kusema. La kwanza ni letu na ni fupi. La pili si letu. Binti yake atakuwapo, kiti cha mstari wa mbele, na kuna neno ambalo mama alipaswa kumwambia mbele ya watu tangu siku ile ya harusi. Mwanawe amekaa kwenye laini miaka kumi na moja bila kukata simu. Nilimuuliza Mama Subiri kama ana uhakika atalimaliza. Akasema uhakika hana, lakini yatakayotetemeka ni magoti, na hayo ameshayazoea.

Kwa hiyo ombi moja kwenu mtakaokuwa kantini. Akinyamaza katikati, msimsaidie maneno, maana atakuwa anapumua. Na tafadhali, mkimwona anatetemeka, asitokee mtu wa kumpelekea kiti.